Kwetu Hairudi

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili msije mkamlaumu mjukuu wangu. Yeye aliniletea mkataba siku tatu kabla ya kutia sahihi, akauweka mapajani mwangu, akaniletea na miwani bila kuombwa. Ndivyo alivyo tangu mdogo. Ukikohoa tu, ameshanyanyuka kukuletea maji.

"Nisomee polepole, Bibi," alisema. "Wewe unasoma kila herufi. Mimi macho yangu yanakimbilia pa kutia sahihi."

Ulikuwa mkataba wa kufua nguo. Kuna kampuni yenye maduka mengi ya dobi, yote yamepakwa rangi ya samawati, yote yana jina moja. Ukitaka kufungua duka lako chini ya jina lao, kwanza unalipa kitu wanachokiita ada ya jina. Wao wanakupa jina, rangi, bango la ukutani, sare mbili na wiki moja ya mafunzo. Chumba, mashine na jasho ni vyako.

Nikasoma. Kifungu cha nne kilisema hakuna duka jingine la jina hilo litakalofunguliwa ndani ya mita mia tano kutoka duka letu. Nikakipenda. Cha tisa kilikuwa kifupi: "Ada ya jina hairudi kwa hali yoyote ile."

Mimi nimekuwa mshonaji miaka arobaini na mmoja. Kwa mshonaji, kinachorudi ni kitambaa. Unamshonea mtu suruali nzuri, anaifua mara moja, imerudi, kesho inamtosha mwanawe wa darasa la tano. Ndiyo maana kitambaa kipya tunakilowesha kabla ya kukikata, kama ni kurudi kirudi mapema, kisije kututia aibu mbele ya mteja. Kwa hiyo nilipoona "hairudi" katika mkataba wa watu wa kufua nguo, nilielewa nilivyozoea kuelewa.

"Hapa ni pazuri," nikamwambia. "Wanasema hairudi. Yaani ulicholipia kinabaki saizi yake, hakipungui."

Mume wake alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu. Sisi tunamwita Ngojakidogo, kwa sababu hajawahi kuanza sentensi kwa maneno mengine. Hata siku ya harusi, alipoulizwa kama anamkubali bibi harusi, alisema "ngoja kidogo", watu wakashika roho mkononi, kumbe alitaka kupenga kamasi.

"Ngoja kidogo," alisema siku hiyo. "Hairudi si maana yake..."

"Mwache mke mwenzangu atie sahihi," nikamkata. Huo ni utani wetu wa siku zote. Mjukuu wangu ni mke mwenzangu, na huyo kijana tunagawana, yeye anachukua mchana na usiku, mimi nachukua mshahara. Akacheka, akanyamaza. Kwa miaka yote niliyomjua, hiyo ndiyo siku moja ambayo kungoja kwake kungetufaa, na mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Ada ile ilikuwa akiba ya miaka minne. Mjukuu wangu alikuwa akifua nguo za watu majumbani mwao, kwa mikono, nyumba tatu kwa siku. Viungo vya vidole vyake vilikuwa vimechubuka hadi akawa anakata vitunguu akiwa amevaa glavu. Duka lilikuwa mwisho wa hayo. Mashine alikuwa ameilipia nusu. Nusu nyingine angeilipa mwisho wa mwezi kutokana na wateja wa kwanza, la sivyo muuza mashine angekuja kuibeba.

Wateja wa kwanza walikuwepo, siwezi kusema uongo. Tuliwaona kwa macho yetu wakipita mbele ya mlango wetu na vikapu vyao vya nguo, wakitusalimia vizuri, wakienda juu ya mtaa. Huko juu, wiki hiyo hiyo tuliyofungua, lilikuwa limefunguliwa duka jingine la samawati. Jina lile lile, bango lile lile.

Mjukuu wangu alikwenda ofisini kwao kudai ada yake. Aliporudi alivua viatu, akakaa, akasema amechoka na jua. Hakusema jambo jingine. Ni Ngojakidogo aliyenieleza kesho yake, tukiwa tunaanua nguo.

"Wamekataa, Bibi. Mkurugenzi anasema ramani yake inaonyesha duka la juu liko mita mia sita. Tena anasema hata lingekuwa mlango wa pili, ada hairudi, tusome kifungu cha tisa."

"Nilikisoma."

"Ndiyo." Akakunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. "Sasa, ile hairudi ya kwao si hairudi ya kwetu. Ya kwao ni kwamba pesa haitoki tena kwao."

"Na mke mwenzangu anajua kwamba mimi ndiye niliyekosea?"

"Anajua. Amesema nikikwambia atanilaza kwenye mashine."

Nilimaliza kuanua nguo zote. Kisha nikaingia ndani kutafuta utepe wangu wa kupimia.

Utepe wa mshonaji una sentimita mia moja na hamsini. Kwa kupima kiuno unatosha na kubaki. Kwa kupima mtaa unahitaji subira, na subira ninayo. Nikajaza vifungo kwenye mfuko wa kushoto wa gauni langu kutoka kopo langu la zamani. Kila utepe mmoja, kifungo kimoja kinahamia mfuko wa kulia. Ngojakidogo alishika ncha ya mbele, mimi ya nyuma, tukaanzia kizingitini kwetu.

Hatukufika mbali. Kinyozi alitoka dukani kwake na mashine ya kunyolea mkononi bado inanguruma.

"Bibi, mnapanua barabara?"

"Hapana, baba."

"Maana waliotubomolea kule nyuma nao walianza na utepe."

"Huu ni wa nguo."

Akautazama utepe, akatazama mtaa. "Nguo ya nani hiyo?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akazima mashine, akaingia ndani na kutoka na kigoda. Kuanzia hapo, kila baada ya vipimo kumi vya utepe alikuwa amekiweka mbele yangu nikae, nipumzike magoti, halafu anakibeba tena. Mteja wake naye alitufuata, shuka shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Kwanza alifuata kwa kulalamika. Kufikia kwa fundi viatu alikuwa anahesabu kwa sauti.

"Tisini na moja," alisema. "Bibi, huyu kijana wako mbele anavuta utepe, unalegea."

"Ngoja kidogo," alisema Ngojakidogo, "siuvuti, nauweka sawa."

"Unauvuta. Rudieni huo."

Tukarudia. Tulipogusa kizingiti cha duka la juu, katika mfuko wangu wa kulia mlikuwa na vifungo mia moja thelathini na vinane. Mita mia mbili na saba. Mwenye duka lile, mama mmoja mnene mpole, alitoka na maji ya baridi na bilauri nne. Hakujua tumekuja kumpima. Nilipomwambia, alitutilia tena, akasema yeye naye aliahidiwa mita mia tano.

Siku iliyofuata tulikwenda ofisini, mimi, mjukuu wangu na mumewe. Msichana wa mapokezi alinitazama ninavyokaa, akautoa mto alioegemea yeye mwenyewe akaniwekea mgongoni. Nikajua hapa si mahali pabaya sana.

Mkurugenzi alisimama nilipoingia. Ni mtu mrefu, sauti ya chini, kichwa kimeanza kuwa na mvi. Jambo moja nililiona mara moja, kwa kuwa jicho la kazi halistaafu. Mikono ya shati lake iliishia vidole vinne juu ya kifundo. Shati zuri, kitambaa kizuri, limerudi. Sikusema. Mtu humwambii jambo la namna hiyo mbele ya watu.

"Karibu, Mama. Nasikia umekuja kwa ajili ya ada."

"Nimekuja kwa ajili ya neno," nikasema, nikamimina vifungo mezani pake. Vingine vilibingirika mpaka chini, na yeye akainama kuviokota. Hilo nalo nililiona.

"Hivi ni nini?"

"Ni mtaa wetu. Kila kimoja ni mita moja na nusu."

Alivitazama kwa muda. Kisha akamwita mtu kwa simu, akauliza, akasikiliza, akaweka simu chini. "Sawa. Ramani ilikuwa ya mtaa mwingine wenye jina linalofanana. Nawaomba radhi, afisa aliyeniletea nitamwonya. Lakini Mama, ada ni ada. Hairudi. Imeandikwa."

"Naomba nikuulize. Eneo letu lilikuwa mita mia tano. Sasa ni mita mia mbili na saba. Hilo eneo limefanyaje?"

"Limepungua."

"Kitu kikipungua, nyinyi watu wa kufua mnasemaje?"

Kutoka mlangoni, msichana wa mapokezi, aliyekuwa ameleta chai, akasema, "Kimerudi."

"Sikukuuliza wewe," alisema Mkurugenzi.

"Na pale ukutani pameandikwaje?" nikauliza.

Nyuma ya kichwa chake lilikuwepo bango lile lile lililo dukani kwetu, ila kubwa kama mlango. Hakuhitaji kugeuka. Lilisema: KWETU HAIRUDI. IKIRUDI, TUNAKULIPA PESA YAKO YOTE.

Alicheka, cheko la kweli, mpaka akafuta macho. "Mama, hilo ni la nguo."

"Halikutaja nguo."

"Kila mtu anajua ni la nguo."

"Na kila mtu alijua kifungu cha tisa ni cha pesa, isipokuwa mimi, na mimi ndiye niliyesoma. Nikasoma na cha kumi na nne." Nikavaa miwani. "Maneno yote ya mabango ya kampuni ni sehemu ya mkataba huu, na pande zote mbili zitayatimiza."

"Hicho niliweka ili wenye maduka wasiwanyime wateja pesa zao nguo zikiharibika."

"Uliweka wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi una utu. Mkataba wote ule, hicho ndicho kifungu nilichokipenda kuliko vyote."

Hapo hakucheka. Alivigusagusa vifungo kwa kidole, akavipanga mstari. Mwishowe akasema lazima amwulize wakili wake, turudi wiki ijayo.

Mjukuu wangu akanitazama. Wiki ijayo muuza mashine angekuwa ameshakuja na mkokoteni.

"Sitakusumbua kurudi," nikamwambia Mkurugenzi. "Nitasubiri hapo nje."

Nikasubiri siku tatu. Asubuhi Ngojakidogo ananileta, jioni ananichukua. Nilikuja na kazi zangu za kupinda magauni, nikakaa kwenye kile kiti chenye mto. Sikuwa na nia mbaya na mtu. Lakini mapokezi ya ofisi ile ndipo wanapokaa watu waliokuja kulipia ada ya jina, na watu wakimwona kikongwe anashona huwa wanamsemesha.

"Bibi, na wewe unafungua duka?"

"Hapana, mwanangu, nasubiri ada irudi."

"Ada ipi?"

Mtu akikuuliza, unamjibu. Niliwaeleza tangu mwanzo. Sikuficha mazuri: nilisema rangi inapendeza, mafunzo yana chai mara mbili kwa siku, mkurugenzi anaokota vifungo kwa mkono wake. Nilisema tu wasome kila herufi, na pale pa "hairudi" waulize ni kurudi kupi. Wakanishukuru. Wa kwanza alisema anakwenda kufikiri. Wa pili akakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Wawili waliokuja pamoja waliondoka pamoja.

"Wa tano huyo," alininong'oneza msichana wa mapokezi, akinitilia chai.

"Nakuharibia kazi, mwanangu?"

"Hapana, Bibi. Mama yangu alilipa ada kwa kampuni ya kuuza mikate. Nilikuwa na miaka tisa. Tuliula mkate ule mwaka mzima, hakuna aliyekuja kuununua." Akasogeza sukari karibu nami. "Wewe shona tu."

Siku ya tatu, nikiwa nimefika kwenye mita mia mbili na saba na bwana mmoja mwenye mkoba, wa saba huyo, mlango ukafunguliwa. Mkurugenzi alisimama pale akisikiliza. Bwana wa mkoba akafunga mkoba, akaaga.

"Mama," alisema Mkurugenzi, "unanifukuzia watu."

"Nimekusifia chai."

Akakaa kwenye kiti cha bwana aliyeondoka. "Nimezungumza na wakili. Nimemsomea cha tisa, cha nne, cha kumi na nne na bango. Akaniuliza ni mjinga gani aliyeandika cha kumi na nne."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nitampigia baadaye." Alipumua. "Mwite mjukuu wako. Nitalipa yote. Yule wa juu nitambakizia jina, na eneo lake nitalirudisha mita mia tano. Namaanisha, nitaliongeza."

Mjukuu wangu alifika kabla chai haijapoa, na mumewe nyuma yake na mfuko. Hakukaa. Alisimama ameshika mkono wangu, na nilivisikia vile vidole vyake vinavyokwaruza.

"Yote," alimwambia Mkurugenzi taratibu, kama anayejaribu kitu kama kinabeba uzito.

"Yote. Ila bango, rangi iliyobaki na sare mbili, hivyo virudi."

"Bango hili hapa," alisema Ngojakidogo. "Rangi hii hapa. Sare zimesharudi."

"Zimerudi lini? Mimi sijaziona."

"Ngoja kidogo," akasema, akatia mkono mfukoni, akatoa shati la samawati ambalo lingemtosha mtoto wa miezi sita. "Nilizifua kama kitabu chenu cha mafunzo kilivyosema."

Msichana wa mapokezi aligeukia ukuta, mabega yakicheza. Mkurugenzi alilishika lile shati dogo kwa ncha mbili, na alipolinyanyua, mikono ya shati lake mwenyewe ikapanda karibu na kiwiko. Tukaiona wote. Naye akatuona tunaiona.

"Ukurasa wa tatu," alisema mjukuu wangu, kwa upole. "Kitabu kinasema maji ya nyuzi tisini kwa nguo zote. Nadhani mwandishi alikusudia thelathini. Mimi mafunzoni nilikuwa napunguza bila kusema. Ukirekebisha hapo, hazitarudi tena."

Hakuwa na sababu ya kumwambia. Pesa bado haijatoka, na jambo lile lilikuwa la thamani kwa mtu mwenye maduka yote yale. Alimwambia kwa sababu alimwona mtu na shati fupi. Nimemlea mimi, lakini hilo sikumfundisha.

Mkurugenzi akalikunja lile shati dogo. Nikamwambia, "Vua hilo shati, baba. Ndani ya pindo la mkono kuna vidole viwili vya kitambaa, nimeviona tangu siku ile. Nitakukunjulia."

Akaingia ofisini kwake, akampa msichana shati kwa upenyo wa mlango, akabaki na koti limefungwa mpaka shingoni. Nikafumua, nikakunjua, nikapinda upya. Msichana alikuwa akiandaa malipo. Tulimaliza karibu pamoja. Mjukuu wangu akatazama simu yake, akaitazama tena, akanipa mimi nisome, kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma kila herufi. Nikasoma. Zilikuwa zote.

Muuza mashine alilipwa nusu yake siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Ukuta wetu tuliupaka rangi ya maziwa, maana ndiyo iliyokuwa rahisi. Jina hatukununua kwa mtu. Mchoraji wa mabango alituandikia karatasi ya mfano kabla ya kupanda ngazi, na mjukuu wangu akaniletea miwani.

"Soma wewe, Bibi."

"Hata baada ya yale?"

"Wewe soma. Polepole."

Nikasoma mara tatu, kila herufi, kila nukta. Sikuona kosa. Nikampa mchoraji ishara ya kuendelea, naye akachovya brashi.

"Ngoja kidogo," alisema Ngojakidogo kutoka mlangoni.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtanie. Nikaufunga. Mjukuu wangu akamshika mchoraji mkono, brashi ikabaki hewani, sote watatu tukamgeukia, tukamsubiri amalize sentensi yake.

"Hapo pameandikwa 'Tunafua watu wote'," alisema. "Kwani si tulikubaliana tutafua nguo?"